Mfereji Uliopinda

Mgeni njoo, mwenyeji ahame. Ndivyo nilivyojiona, mgeni kwao, siku tuliyowaalika wakazi wa Chemchem, hapa Tabora, waje kuutazama mfano wa mtaa wao. Wanafunzi wangu wa uzamili wa mipango miji walikuwa wameuunda kwa maboksi, na halmashauri ingechimba mfereji wa mvua kwa kuufuata.

Kila mkazi hutafuta nyumba yake kwanza. Bibi yake Kabula, mwanafunzi wangu hodari, aliiona yake akaiwekea kidole.

"Hata baraza langu mmelitia!" akacheka. Nikamwamkia, huku jicho langu likiufuata mfereji aliouchora Kabula. Ulishuka umenyooka, ukafika kwa bibi, ukakwepa, ukaelekea kwenye vyumba vya wapangaji bondeni.

"Kabula, mbona umepinda?"

"Ukinyooka, mwalimu, unapita sebuleni kwa bibi."

"Na ukipinda hivi?"

Akainama. "Maji yanaingia kwa wapangaji."

Nikaing'oa nyumba. Gundi ilikuwa mbichi bado. Baraza, dogo kama ukucha, likabaki limenata kwenye kidole cha bibi.

"Shikamoo yako sijaiitikia, mwanangu," akasema taratibu, "na nyumba umeshaibomoa?"

Nilishindwa kumtazama usoni. Nikachukua kalamu, nikaunyoosha mfereji juu ya alama ya gundi.

"Basi angalau mwombe radhi," Kabula akasema huku analia.

"Siombi."