Kokoto Safi

Mwanahawa alishindilia hatua ya kumi ya njia ya wodi ya wazazi. Juzi kitanda cha magurudumu kilikwama hapa na mama mwenye uchungu, katikati ya kokoto safi za saizi moja. Sasa alikuwa amezirudishia changarawe na mchanga, uchafu ambao mwanzoni aliuchekecha mwenyewe na kuutupa.

“Uchafu huu, mwanangu. Kitanda kikizama tena, nauzoa wote,” alisema Mzee Kombo, msimamizi wa kazi, akisimama kando ya kitanda kile kile.

“Ndio unaojaza mapengo, baba, kokoto zisiteleze. Panda wewe kitandani.”

Kombo akapanda. Mwanahawa akasukuma kwa mkono mmoja, na magurudumu hayakuacha hata alama.

“Endelea,” alisema Kombo.

“Hatua zilizobaki ni za kushindilia kesho.”

Kombo hakushuka. Alikaa akiutazama mlango wa wodi, hatua thelathini za kokoto tupu mbele yake.