Pigo Moja la Kobe

"Elfu nane kwa pigo moja la ngoma? Huo ni wizi!" Korongo, kiongozi wa okestra, alimfokea Kobe. "Wenzako wanapiga saa nzima!"

"Na mimi nahesabu saa nzima nisikosee. Tulipatana elfu nane, bwana."

"Nitapiga mwenyewe. Toka!"

Kobe akaenda kukaa na watazamaji.

Wimbo ule mkubwa ukaanza. Kwaya za vyura na chiriku zilikuwa zimezoeshwa kunyamaza zikisikia pigo la Kobe. Mwisho ulipofika, Korongo akaipiga ngoma kwa mguu wake mwembamba, hakuna aliyesikia. Kwaya zikaendelea, zikarudia, sauti zikakauka. Chiriku mmoja akazirai.

Korongo akamkimbilia Kobe. "Mzee wangu, watanifia! Piga!"

Kobe hakuinuka. "Nilipe kwanza."