Hodi Kabla ya Kukaa

Siku hizi mazimwi hawakai msituni. Hujigeuza vitu vya nyumbani, wakangoja umkalie mmojawapo. Kilichowabakia ni adabu tu: ukimpigia zimwi hodi, hawezi kujizuia, ataitikia. Basi tunapiga hodi kwa kila kitu, kigoda, mbuzi ya nazi, hata mto wa kulalia. Binadamu kuitikia ni mwiko.

Jana binti yangu Salha alirudi kutoka shuleni amechoka, akataka nimpakate. Akanigusa goti.

"Hodi, mama," alisema, akicheka.

Nilitaka kumkaripia kwa mzaha ule, lakini mdomo ulinitangulia.

"Karibu," ukasema.

Salha hakukaa. Alirudi nyuma taratibu, bila kunipa mgongo, kama nilivyomfundisha.