Inagandia Mia Sita Arobaini

Mgonjwa alikuwa amelazwa sebuleni, amefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake amebebeshwa chombo cha maua ya plastiki.

"Mvueni kwanza," alisema fundi Pantaleo. "Kompyuta nayo inataka kupumua."

"Fundi, kitu cha thamani hakikai uchi," alijibu Asteria, mwenye nyumba. Lakini maua aliyaondoa.

Pantaleo alikuwa fundi redio pale Kahama. Mwaka uliotangulia, tisini na nne, alikaa Mwanza miezi mitatu kusomea kompyuta, na tangu arudi hii ndiyo ya kwanza kuitiwa. Akaiwasha. Mashine ikanguruma, tarakimu nyeupe za kuhesabu kumbukumbu yake zikaanza kupanda kwenye kioo: mia mbili, mia tatu, mia tano. Zilipofika mia sita arobaini, zikasimama. Kimya.

"Hapo hapo," alisema Nyamizi, binti wa nyumba ile. "Kila siku hapo hapo, kama punda aliyeona daraja."

Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu saa mbili Nyamizi alikuwa anaitwa kwenye usaili, ofisi ya wazungu wanaotafuta dhahabu. Walitaka karani anayejua kompyuta. Yeye alijua taipureta, na kitabu kimoja cha kompyuta alichokikariri mpaka picha zake.

Ndiyo maana baba yake, Mwigulu, alikwenda hadi Bulyanhulu kwa Marcel mwenye baa, akarudi nyuma ya pikapu ameikumbatia mashine hii kama mtoto mwenye homa. Alimpa Marcel kipande cha dhahabu, ukubwa wa kidole gumba. Alisema alikichimba zamani akakificha miaka sita.

Asteria alinuna siku mbili. Dhahabu miaka sita ndani ya nyumba, yeye hana habari! Tena wiki yenyewe ilikuwa ya mikosi. Wezi walikuwa wameng'oa koki ya bomba la uani, wakachukua na kufuli la stoo. Mchele waliuacha. Sasa bomba lilikuwa limezibwa kwa gunzi la muhindi.

Pantaleo alizima, akawasha. Akachomoa diski iliyosahaulika mdomoni mwa mashine, akawasha. Mia sita arobaini.

"Baba Nyamizi, irudishe. Marcel kakuuzia ugonjwa."

"Haiwezekani," alisema Mwigulu.

"Kwa nini?"

"Njia mbaya. Tope."

"Mwezi wa nane huu, tope la wapi?"

"Basi vumbi."

"Nitakwenda mimi. Pale nina shemeji."

"Pantaleo!" Mwigulu aliinuka kitini. "Mtu kakupa chake, umempa chako, mmeshikana mikono. Mwache mwenzako alale kwa amani."

Asteria akasonya. "Mwanaume gani huyu! Anaibiwa, halafu anamwombea mwizi."

Pantaleo alimtazama Mwigulu kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mzee asiyejua kudai haki yake. Kisha akashika bisibisi, akafungua ubavu wa mashine. Vumbi jekundu la Bulyanhulu likamwagika mezani. Akalipuliza. Akachomoa vile vibao vidogo vya kumbukumbu, akaomba raba ya penseli, akaanza kuyasugua meno yake ya shaba, moja moja, mpaka yakang'aa.

"Shaba ikisuguliwa vizuri, utadhani dhahabu," alisema.

Mwigulu akapaliwa na chai.

Mashine ikawashwa. Mia tatu. Mia tano. Mia sita arobaini. Asteria akakumbatia chombo cha maua. Tarakimu zikapita, zikakimbia, kioo kikajaa maandishi, na Nyamizi akapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa.

"Haya, ng'wanawane, mwanangu, kaa ufanye kazi," Mwigulu alimwambia, akajifuta macho kwa kile kitambaa cha kufuma.

Nyamizi hakuinuka mpaka Jumapili jioni. Asteria alimlisha ugali tonge kwa tonge, ili vidole visiingie mafuta.

Jumatatu saa tisa alirudi mbio, viatu mkononi.

"Nimepata! Naanza kesho kutwa!"

Vigelegele vilipigwa. Mwigulu alijiegemeza kitini kama mtu aliyetua gunia la pamba.

Hapo ndipo Pantaleo alipobisha hodi. Tangu asubuhi hakuna aliyemwona. Alikuwa mwekundu kwa vumbi toka nywele hadi kandambili.

"Natoka Bulyanhulu," alisema, na kikombe cha Mwigulu kikasimama njiani. "Kupona kwa mashine hakufuti wizi. Nimemwambia Marcel: umemuuzia mtu mzima mashine mbovu, chagua, urudishe dhahabu yake au twende polisi. Na hakubisha! Kairudisha anacheka, wala hakudai nauli. Mashine ataifuata mwenyewe kesho." Akaweka mezani leso iliyofungwa fundo. "Mali yako hiyo, Baba Nyamizi. Sitaki hata asante."

Mwigulu alinyoosha mkono, lakini wa Asteria ulitangulia. Alifungua fundo, akakigeuza kile kipande cha njano kwenye mwanga wa mlangoni. Kilikuwa kimepondwa kwa nyundo kwa ustadi mkubwa, isipokuwa upande mmoja, ambapo mistari miwili mitatu ya hesi, kama ya skrubu, ilikuwa imesalimika. Akaipapasa kwa ukucha.

Alitoka nacho uani. Waliobaki ndani wakasikia gunzi likichomoka, maji yakimwagika, kisha sauti yake, ya upole usio wa kawaida:

"Baba Nyamizi, na kufuli la stoo lilinunua nini?"