Mvua ya Mtaa Wetu

Tangu mvua ianze kutolewa kwa kibali, kila mtaa ulipata mvua moja tu kwa msimu. Gari jipya la zimamoto lilipohitaji kujaribiwa breki kwenye utelezi, mhandisi Sekela, aliyekuwa pia mjumbe wa mtaa wao, aliitoa mvua yao bila kumuuliza mtu. Ilinyesha yote juu ya uwanja wa majaribio. Gari halikuteleza, na wenzake wakashangilia.

Alirudi nyumbani amelowa chapachapa.

“Mwanangu, imenyesha wapi? Mbona kunde zangu zinakauka?”

“Nimeitumia, Mama. Nyumba ikiwaka, sasa gari litafika.”

“Litafika, sikatai. Litatukuta tumekula nini?”

Mama akamvua koti, akaenda kulikamua juu ya kunde. Sekela akavua viatu vilivyojaa maji, akamfuata.