Mgongo wa Mwalimu Gadiel

Jesca alipoishika chaki tu, mwalimu akatoka nje.

Darasa likaguna. Siku hiyo kila mwanafunzi alitakiwa kuthibitisha jambo moja ubaoni, mbele ya mwalimu. Jesca alipangiwa kuonyesha kwamba katika hisabati kila kundi lina kipengele kimoja tu kisichobadilisha kitu, kama sifuri katika kujumlisha. Alilijua kama anavyolijua jiko lake. Akaandika mpaka mwisho, akageuka, na kiti cha mwalimu bado kilikuwa kitupu. Kazi ambayo mwalimu hakuiona haina alama, na aljebra dhahania ndiyo iliyobaki kati ya Jesca na digrii yake.

"Hapendi wanafunzi watu wazima," Anold, mwanafunzi mwenzake, alimnong'oneza.

Gadiel alikuwa mwalimu wa muda katika tawi la chuo hapo Same, kijana wa juzi tu. Mwanzoni alikuwa na adabu zake. "Shikamoo mama," kila asubuhi, na akimwona amekwama anakuja kumwelekeza. Hata siku ile Lydia, binti wa Jesca, alipomletea mama yake makande ya mchana, mwalimu alikaa nao, akala, akasifu.

Muda si mrefu akageuka. Salamu zikakatika. Jesca akiuliza swali, jibu linaelekezwa dirishani. Majaribio yake yanarudishwa kwa mkono wa Anold. Juzi sokoni walikutana ana kwa ana penye mafungu ya tangawizi, na yule bwana akajiziba uso kwa faili, akavuka barabara mbio. Wauzaji walicheka. Jesca alitamani ardhi impasukie.

"Namshtaki," alisema jioni ile alipotoka darasani, akitupa mkoba kitini. "Nimekuwa kinyaa?"

Lydia alikuwa akipeta mchele. Ungo ukatulia mikononi. "Mama, huenda ana sababu zake."

"Sababu gani? Kumgeuzia mgongo mtu wa umri wa mama yake! Huyo hakufunzwa kwao."

Lydia aliendelea kupeta mchele ambao ulikwisha kuwa safi.

Ijumaa Jesca aliingia kwa mkuu wa tawi, Bwana Tumainieli, akamwaga yote, hakubakiza hata punje. Anold akaitwa, akaapa kwamba ni kweli tupu. Kisha akaitwa Gadiel mwenyewe. Alipochungulia na kumwona Jesca ndani, alirudi nyuma, akasimama ukumbini akiutazama ukuta.

"Ingia ujieleze!" Tumainieli alifoka.

"Siwezi, mkuu. Akiwa humo siwezi."

"Umeyaona mwenyewe," Jesca alisema.

"Nimeyaona. Gadiel, kuanzia leo hufundishi hapa."

Jesca alirudi nyumbani na moyo mweupe, vumbi la Same likimpiga usoni asilijali. Sebuleni aliwakuta wazee wawili, kofia magotini. Lydia alikuwa amejifungia chumbani.

"Shikamooni," Jesca alisema.

"Marahaba, mama." Aliyezungumza alikuwa Mzee Methusela, mkubwa wao. "Tumeshuka kutoka Msangeni kuja kumposea kijana wetu. Ana kazi ya heshima, anafundisha chuoni hapa Same. Na mila zetu anazishika: tangu atuambie kwamba anamtaka Lydia, hajathubutu kukutazama usoni."