Mkaguzi Asiyetishika

"Usicheke, wifi. Mizimu haicheki," mjane alinong'ona, akimalizia kumpaka mwenzake majivu usoni.

Walikuwa wamejibanza nyuma ya dirisha la tiketi, wanawake wawili wazima wenye wajukuu, wakijiandaa kwa heshima zote kumtisha mtumishi wa serikali. Wangefanyaje? Stesheni hii kongwe ya mpakani ndiyo iliyokuwa nyumba yao tangu afariki masta wa stesheni, mume wa mmoja na kaka wa mwingine. Alasiri hiyo mkaguzi alikuwa anakuja kuamua kama ibomolewe. Reli zilishang'olewa zamani zikauzwa vyuma chakavu. Zilipopita treni, sasa palisimama mahindi.

Na mkaguzi huyo hapo, ameketi kwenye benchi, koti limefungwa hadi shingoni, sanduku la bati magotini.

Wifi akachomoza uso dirishani, akaguna kama fisi mwenye mafua.

Mgeni akavua kofia. "Shikamoo, mama. Mbona haturuhusiwi kuondoka? Tumesubiri mno."

Wifi akarudi chini, amenuna. "Tumesubiri, yeye na nani? Yuko peke yake! Anatukejeli huyu."

"Uso wako hautishi hata kuku."

"Jipake wewe basi, tuone!"

Ikabaki silaha moja: kipande cha reli kilichoning'inia barazani, kengele ya marehemu. Pigo moja, treni inakuja. Mapigo matatu, treni iondoke. Tangu azikwe, hakuna aliyekigusa. Mjane akanyata, akashika nyundo, akagonga mara tatu, polepole, kama mumewe alivyozoea kuigonga.

Mgeni akasimama. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Ahsante," alisema. Akabeba sanduku, akatokomea kwenye mahindi.

"Kakimbia!" Wifi alishangilia. Wakakumbatiana mpaka majivu yakawaenea wote wawili.

Hawajanawa, pikipiki ikasimama mlangoni. Akashuka kijana mwenye faili, akijipangusa vumbi.

"Shikamooni, mama zangu. Mimi ndiye mkaguzi. Mbona niliambiwa stesheni imekufa? Jengo linalotumika hatulibomoi." Akaonyesha barabara aliyotokea. "Mnisamehe kwa kuchelewa. Hapo chini nimelazimika kusimama treni ipite. Ndefu hiyo! Na abiria wote walikuwa wananipungia mkono."